Kabla Hujanunua Ashwagandha: Mwongozo wa Ayurveda kwa Mwenye OCD

Huenda umeshachoka. Umenawa mikono mpaka ngozi imepasuka, au umerudi jikoni mara ya saba kuangalia mtungi wa gesi ulioufunga mwenyewe. Huenda ni wazo la kutisha linalokujia bila kuitwa, kwamba utamdhuru mwanao, nalo linakutesa kwa sababu mwanao unampenda. Watu wa Pwani wanaujua wasiwasi wa udhu: mtu yuko bombani anarudia kutawadha, wenziwe wameshatoa salamu. Madaktari huiita hali hii OCD, ugonjwa wa mawazo sumbufu na vitendo vya kulazimika. Sura zake ni nyingi, mwendo wake ni mmoja. Wazo linaingia, moyo unaenda mbio, mtu anafanya kitendo cha kujituliza, anapumua kidogo, kisha wazo linarudi na nguvu zaidi, kwa kuwa akili imezoea kuamini kwamba bila kile kitendo hakuna usalama.

Ukishauelewa mwendo huo, una kipimo cha kila dawa utakayoelekezwa: je, inanisaidia kukaa na wazo bila kufanya kitendo? Msimamo wangu ni huu. Mitishamba ya Ayurveda yaweza kumpunguzia mtu hofu na kumrudishia usingizi. Kuuvunja mzunguko wenyewe ni kazi ya mazoezi, mara nyingi yakishirikiana na dawa za hospitali. Anayekuambia kwamba unga wa mizizi peke yake utaiondoa OCD anakuahidi kitu ambacho hakina ushahidi.

Vaidya anaona nini

Ayurveda ni tiba ya Bara Hindi, na tabibu wake huitwa vaidya. Ina vitabu vya kale, na muhimu kuliko vyote kwa jambo letu ni Charaka Samhita. Humo hamna ugonjwa unaolingana na OCD moja kwa moja. Kuna unmada, jina linalokusanya aina mbalimbali za kurukwa na akili. Kuna pia atattvabhinivesha, iliyoelezwa pamoja na kifafa katika sehemu ya tiba: akili ya mgonjwa imefunikwa na rajas na tamas, yaani ghasia na uzito, hata hukumu yake ikapinduka, jema akaliona baya na la kupita akaliona la kudumu. Vaidya wengi wa leo huiweka OCD hapo. Ulinganisho huo haukai sawasawa, maana mwenye OCD mara nyingi anajua kabisa kwamba mlango umefungwa. Kinachomshinda ni kuondoka.

Hata hivyo, tazama tiba aliyoagiziwa mgonjwa wa atattvabhinivesha. Baada ya kusafishwa mwili na kupewa brahmi na dawa nyingine za kuimarisha akili, marafiki wanaomtakia mema wakae naye, wamjenge kwa maarifa, uvumilivu, kumbukumbu na utulivu wa fikra. Tena kwingine katika kitabu hichohicho tiba zimegawanywa mafungu matatu: la ibada na dua, la dawa na chakula, na la tatu liitwalo sattvavajaya, ambalo ni kuizuia akili isiyakimbilie yanayoidhuru. Hilo la tatu ndilo nakuomba ulidai utakapokwenda kwa vaidya. Haliwekwi kwenye kopo, kwa hiyo hutalisikia likitangazwa, na wagonjwa wengi wanatoka na mfuko wa dawa bila kujua kwamba lipo.

Mimea yenyewe

Charaka ametaja mimea minne inayoimarisha akili: maji ya mandukaparni, unga wa yashtimadhu kwa maziwa, maji ya guduchi, na shankhapushpi iliyopondwa, ambayo ndiyo iliyosifiwa zaidi. Yashtimadhu ni ule mzizi mtamu ambao ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kupunguza potasiamu mwilini, basi mwenye presha auache. Guduchi ilipata umaarufu mkubwa India wakati wa korona, na madaktari wa ini mjini Mumbai wakaanza kupokea watu walioumia ini baada ya kuitumia.

Brahmi ina mtego wa jina. Katika sehemu za India ya kaskazini jina hilo hupewa pia mandukaparni, wakati Kerala brahmi ni mmea mwingine. Soma jina la kisayansi kwenye lebo: Bacopa monnieri ndiyo brahmi iliyofanyiwa utafiti mwingi, Centella asiatica ni mandukaparni. Tafiti nyingi za Bacopa zilihusu kumbukumbu, mara nyingi kwa miligramu 300 za dondoo kwa siku kwa wiki 12, na matokeo yake huwezi kuyahamishia kwenye OCD. Usumbufu wake mkubwa ni tumbo: kichefuchefu na kuharisha, hasa ikinywewa kabla ya kula.

Ashwagandha, Withania somnifera, ndiyo utakayoambiwa zaidi, nayo ina jaribio lake la OCD, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Jaribio hilo lilifanyika Iran na kuchapishwa mwaka 2016. Wagonjwa walikuwa 30, muda wiki 6, na wote waliendelea na dawa zao za hospitali. Nusu wakaongezewa dondoo ya mzizi wa ashwagandha, nusu vidonge visivyo na dawa. Ukali wa ugonjwa ulipimwa kwa dodoso la Yale-Brown, lenye maswali 10 na alama kutoka 0 hadi 40. Waliopewa ashwagandha walishuka kutoka alama 26 hadi 14. Wenzao walishuka kutoka 18 hadi 16.

Tofauti hiyo inavutia mpaka uangalie walipoanzia. Kundi la ashwagandha lilikuwa na hali mbaya zaidi tangu siku ya kwanza, na anayeanzia juu ana nafasi kubwa ya kushuka hata asipopewa kitu. Watu 30 ni wachache, na wiki 6 ni muda mfupi kwa ugonjwa unaokaa miaka. Ninalolichukua katika jaribio hilo ni kwamba ashwagandha inastahili kuchunguzwa zaidi kama nyongeza ya matibabu. Mtu aliyetupa dawa zake za hospitali akabaki na ashwagandha hawezi kulitumia kuwa hoja, kwa sababu hakuna mgonjwa hata mmoja mle aliyefanya hivyo.

Ashwagandha ina madhara yake pia. Yameripotiwa matukio ya watu walioumia ini baada ya kuitumia. Inaweza kupandisha homoni za tezi ya thairoidi, na inaongeza usingizi ikichanganywa na vidonge vya usingizi. Mjamzito asiitumie. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Ukiamua kuitumia kwa ridhaa ya daktari wako, pima kwanza ini na thairoidi, kisha upime tena baada ya wiki chache.

Mmea mmoja naomba usiuguse kabisa: sarpagandha, Rauvolfia serpentina. Una historia yenye heshima. Mwaka 1931 madaktari wawili wa India, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika jinsi unavyotuliza wagonjwa wa akili na kushusha presha. Mwaka 1952 wanasayansi wakatoa ndani yake kemikali ya reserpine, na miaka miwili baadaye ikaanza kutumika katika hospitali za akili za Marekani. Sasa tazama inavyofanya kazi: inamaliza akiba ya serotonini na dopamini ndani ya neva. Dawa za hospitali zilizothibitika kwa OCD hufanya kazi kwa kuongeza serotonini inayopatikana kati ya neva hizo. Unapozinywa pamoja unavuta kamba pande mbili, na juu yake unajiletea presha ya kushuka na huzuni nzito. Kwa kuwa sarpagandha huchanganywa katika vidonge vya usingizi na vya presha vya Kihindi, soma orodha yote ya viambato, usiishie kwenye jina la mbele.

Majina ya kukataa

Kuna tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra, linalotumia madini yaliyochomwa na kusagwa, zebaki na risasi zikiwemo. Wafuasi wake husema utayarishaji huondoa sumu. Maabara zimeonyesha vingine. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 walipima 193 zilizouzwa kwenye intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Kwa zile za rasa shastra peke yake ilikuwa karibu 41 kwa mia.

Kwa msomaji wa OCD hili si jambo la mbali, kwa sababu dawa za kundi hilo zinazopewa wagonjwa wa akili zina majina mazuri. Smritisagara Rasa, maana yake bahari ya kumbukumbu, ina zebaki na misombo ya aseniki katika kanuni yake ya asili. Unmada Gaja Kesari Rasa ina zebaki na mbegu za datura, mmea wa sumu. Basi ukiona jina linaishia na rasa au lina neno bhasma, rudisha kopo. Sheria ya India inataka dawa za Ayurveda zenye viambato vya sumu ziandikwe kwenye lebo kwamba zitumiwe chini ya usimamizi wa tabibu. Onyo hilo lichukue kwa uzito wake, hata kama muuzaji anakuambia ni maneno ya kawaida tu. Unga uliofungwa kwenye karatasi bila lebo yoyote usiununue, awe nani anayekuuzia.

Neno la pili la kuangalia ni arishta. Saraswatarishta na Ashwagandharishta ni dawa za maji zilizochachushwa, na kuchacha kwake huzalisha pombe, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 hivi. Muislamu ana haki ya kulijua hilo kabla ya kumeza kijiko cha kwanza. Kwa mtu ambaye OCD yake imekamata ibada, kuligundua baada ya mwezi wa kunywa kunaweza kumzamisha katika majuma ya kutubu na kuoga. Atakayekupa dawa muulize waziwazi, na umwombe iliyo katika unga au samli.

Dawa isigeuke kitendo kipya

Hili ndilo linalonifanya niandike mwongozo huu, kwa sababu wauzaji hawalisemi na vaidya wengi hawaliwazi. Ayurveda ni mfumo wa utaratibu na usafi. Mtu huamka kabla ya alfajiri, hukwangua ulimi, hujipaka mafuta, hunywa maji ya moto, hutenganisha vyakula visivyopatana, hula kwa saa. Husikia kwamba mwilini kuna ama, mabaki yenye sumu yanayotakiwa kutolewa. Kwa mtu mwingine utaratibu huo unaweza kuwa afya tele. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni kuogopa uchafu na kuhesabu, ni kumkabidhi orodha mpya ya kuogopa, safari hii ikiwa na baraka za tabibu.

Panchakarma ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Ni tiba ya kusafisha mwili kwa kutapika, kuharisha, enema na dawa za puani. Mwenye hofu ya uchafu anaweza kuiona kuwa hatimaye kapata usafi aliokuwa akiutafuta, akatulia siku kadhaa, kisha akataka kurudia. Kurudia huko kunafanana kabisa na kunawa mikono. Kama OCD yako ni ya uchafu, mwambie vaidya hutaki tiba yoyote ya kusafisha. Shirodhara, ile ya kutiririshiwa mafuta ya vuguvugu kwenye paji la uso, haina ubaya huo na wengi huipenda kwa utulivu wake. Ichukue kama mapumziko.

Ukitumia mitishamba, itumie kwa namna isiyoacha nafasi ya kitendo. Chagua muda mpana, kwa mfano wakati wowote kati ya saa moja na saa nne asubuhi, badala ya saa moja kamili. Chagua vidonge kuliko unga, ili usipime kijiko mara tatu. Ukisahau dozi, iache ipite. Usitafute mtandaoni kila jioni kama brahmi yako ni halisi. Ulishauliza siku ya kununua, imetosha. Na siku ambayo kuchelewa dozi kumekufanya utetemeke kama unavyotetemeka ukishika kitasa cha choo cha stendi, dawa hiyo imeshaingia ndani ya ugonjwa. Isimamishe, umweleze daktari.

Kazi yenyewe

Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, hospitalini London, alichapisha habari za wagonjwa wa OCD aliowatibu kwa kuwakutanisha na kile wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao. Tiba hiyo imepimwa sana tangu hapo, na ndiyo ya kisaikolojia yenye ushahidi imara kuliko zote kwa OCD. Ikiwezekana ifanye na mwanasaikolojia aliyeifundishwa. Kama hayupo karibu, kuna sehemu unayoweza kuianza nyumbani.

Andika hofu zako kuanzia ndogo hadi kubwa. Chukua ndogo. Tuseme ni kushika kitasa cha mlango wa mbele. Kishike kwa kiganja kizima, kisha usinawe, usipanguse, usijisemee kimoyomoyo kwamba hakuna kitu. Hofu itapanda. Kaa nayo ukiendelea na shughuli zako. Kwa kawaida itashuka yenyewe, na hata isiposhuka siku hiyo, umejifunza kwamba unaweza kuibeba. Rudia kila siku mpaka kitasa kikuchoshe, ndipo upande hatua. Ashwagandha au usingizi mzuri vikikusaidia kuthubutu kushika kitasa, vizuri. Vikitumika kuifuta hofu kila inapochomoza, vimechukua nafasi ya sabuni.

Kwa wasiwasi wa udhu, mwulize sheikh unayemwamini mara moja, umweleze kwamba ni ugonjwa. Atakukumbusha kanuni ya fiqhi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Tawadha mara moja, usali. Usimrudie na swali lilelile kwa sura nyingine, na usiende kwa sheikh wa pili.

Jamaa wana sehemu ngumu. Mtoto anauliza, "Mama, nimefunga mlango?" na mama kwa huruma anajibu kila mara, "Umefunga, mwanangu." Jibu hilo nalo ni kitendo, ila linafanywa na mama. Kubalianeni wakati mtoto ametulia kwamba swali litajibiwa mara moja tu, na baada ya hapo jibu liwe, "Hilo ni la OCD, mwanangu, nipo hapa nawe." Msikatae kwa ukali na msikate ghafla bila makubaliano. Marafiki wanaotajwa na Charaka, wanaomjengea mgonjwa uvumilivu, wangekaa hivyo.

Hospitali na mchanganyiko

Dawa zenye ushahidi ni fluoxetine, sertraline, fluvoxamine na nyingine za jamii hiyo, pamoja na clomipramine, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya OCD. Kwa OCD mara nyingi dozi huwa kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha nguvu yake. Watu wengi hukata tamaa wiki ya nne na kukimbilia mitishamba, kisha unafuu wa dawa ya kwanza ukifika wanausifia mmea. Usiziache dawa hizi kwa ghafla; zipunguzwe na daktari. Zinapatikana kwa daktari wa magonjwa ya akili Muhimbili, Mirembe, Mathari, Butabika, na katika hospitali nyingi za rufaa.

Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Daktari akupime kwa dodoso la Yale-Brown kabla ya kuanza mmea, akupime tena baada ya wiki 8. Usijipime mwenyewe kila siku, maana hiyo nayo inaota mizizi. Kama alama hazijashuka, achana nao bila majuto.

Kumchagua vaidya

Vaidya aliyesoma India ana shahada ya BAMS, miaka mitano na nusu pamoja na mafunzo ya vitendo, na wapo waliobobea katika manasroga, magonjwa ya akili. Kama unasafiri kwenda India kwa matibabu, jua kwamba Kottakkal, Kerala, kuna hospitali ya serikali ya Ayurveda ya magonjwa ya akili, na Bengaluru kuna NIMHANS, taasisi ya kitaifa yenye kliniki ya OCD na idara ya tiba shirikishi, ambako vyote viwili vipo chini ya paa moja. Tanzania, watoa tiba asili na tiba mbadala husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona usajili. Tangazo la kuponya kwa uhakika likukimbize. India yenyewe ina sheria ya mwaka 1954 inayokataza kutangaza dawa kwamba zinaponya magonjwa kadhaa yaliyoorodheshwa, ya ubongo yakiwemo.

Mweleze dawa zote unazotumia, na umwombe aandike kila kiambato kwa jina la kisayansi. Asiyetaka kuandika, ondoka kwake.

Macho au mkojo ukiwa wa manjano, ngozi ikiwasha mwili mzima, ukitapika mfululizo, moyo ukienda mbio bila sababu au usingizi ukikulemea mchana, acha mitishamba siku hiyohiyo uende hospitali. Ukianza kutamani kufa, au ukipanga kujidhuru, usisubiri asubuhi wala usibaki peke yako. Mwambie mtu wa nyumbani akupeleke sasa. Hilo ni jambo tofauti na lile wazo la kutisha unalolichukia, na daktari anajua kuyatenganisha, kwa hiyo mwambie yote mawili bila kuficha. Dawa ulizokuwa ukinywa ziende nawe katika makopo yake, ili lebo zisomwe.